Nani Atalipa Mbegu ya Pili?

Desemba ya mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni nilimtia mama yangu hasara ya magunia mawili ya mbegu ya mpunga. Sikuiba wala sikuuza. Nilimpa ushauri.

Nyumbani kwetu ni Bonde la Kilombero, kijiji kimoja kati ya Ifakara na Mlimba, mahali ambapo usiku ukilala unasikia treni ya TAZARA ikipita. Tuna ekari nne bondeni. Novemba ya mwaka ule nilikuwa nimetoka kwenye vipindi vya hali ya hewa ya kilimo, kichwa kimejaa maneno mapya, daftari limejaa grafu. Nikasoma kwenye simu utabiri wa msimu wa kanda yetu, nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamwambia: mvua ikianza tu, mwaga mbegu shamba lote, usisubiri, tukichelewa mafuriko yatatukuta mpunga bado mfupi.

Mama ana desturi yake. Mvua ya kwanza anamwaga ekari moja, anatulia, anatazama. Ya pili anaongeza ekari nyingine. Hivyo hivyo mpaka shamba liishe. "Mvua ya kwanza ni ya kuosha majani, mwanangu," aliniambia. Nikacheka. Nikamwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Akakubali, na najua kwa nini alikubali: mtoto yuko chuo kikuu, anasomea kilimo, na nauli iliyompeleka huko ilitoka kwenye mpunga.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Mbegu zikaota vizuri, mama akanipigia kwa furaha. Halafu jua likatoka. Siku ya kumi likawa bado lipo. Siku ya kumi na tano miche ilikuwa imefika urefu wa kidole na imegeuka njano. Mvua iliporudi hakukuwa na kitu cha kunyeshea. Mama akaenda kwa mfanyabiashara wa mpunga pale kijijini, akakopa magunia mawili ya mbegu kwa sharti la kurudisha manne wakati wa mavuno, akamwaga upya.

Hakunilaumu. Kwenye simu alisema tu, "Basi, tumejifunza." Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo, kwa sababu mimi nilijifunza bure. Yeye alilipa magunia manne.

Naandika makala haya kwa kuwa naona kosa langu ni kosa letu wengi, tuliopo darasani na walioko maofisini. Tunazungumza habari ya mabadiliko ya tabianchi kana kwamba tatizo la mkulima wa mpunga ni kutojua. Semina zinaandaliwa, vipeperushi vinachapwa, mkulima anaambiwa apande mapema, apande mbegu fupi, afuate utabiri. Sikatai, mengi ya hayo ni ya kweli. Lakini tabianchi inayobadilika imeigeuza siku ya kupanda kuwa kamari, na kwenye kamari hiyo sisi tunaoshauri, tunaokopesha, tunaonunua na tunaokula hatuweki hata senti. Anayeweka ni mkulima peke yake. Ushauri ukikosea, mbegu ya pili ni juu yake.

Bonde lina saa mbili

Kwa wenzangu ambao hamkukulia bondeni, nieleze kidogo jinsi mambo yanavyokwenda.

Mpunga wetu unategemea maji ya aina mbili. Kuna mvua inayonyesha pale pale shambani, ambayo huanza kati ya Novemba na Desemba. Hiyo ndiyo inayootesha mbegu. Halafu kuna maji yanayoshuka kutoka juu, milima ya Udzungwa na nyanda za Njombe, kupitia mito kama Ruhudji, Mnyera na Kihansi. Hayo yanalijaza bonde Machi na Aprili. Mama na wenzake hupanda Desemba na Januari ili maji ya mito yanapofika, mpunga uwe umeshasimama na kichwa kiko juu ya maji. Ukiwa mrefu, mafuriko ni rafiki: yanaua magugu, yanaleta tope lenye rutuba, na unavuna kati ya Mei na Julai. Ukiwa mfupi, yanaufunika na kuuozesha.

Sasa fikiria mvua ya shambani ikichelewa wiki tatu, lakini maji ya milimani yasichelewe. Saa moja imerudi nyuma, nyingine inakwenda vile vile. Mkulima anabaki na nafasi nyembamba katikati. Ndiyo maana nilimwambia mama awahi. Kinadharia nilikuwa sahihi kabisa, na kwenye mtihani ningepata alama zote. Nilichosahau ni kwamba kuwahi nako kuna hatari yake, ile ya mvua ya danganya toto: inanyesha siku tatu, inaondoka, na ardhi inakauka wakati mbegu imeshaamka.

Kwa hiyo mtu akisema "mvua zimepungua," mimi huwa namuuliza, zimepungua wapi? Ukijumlisha milimita za mwaka mzima unaweza ukakuta hesabu haijabadilika sana. Kilichoharibika ni mpangilio. Mvua ya mwezi inashuka kwa siku nne, kisha kimya. Na sababu yake inaeleweka: hewa ikipata joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi inayoongezeka. Ikiushusha, inaushusha kwa kishindo. Mpunga haunywi wastani wa mwaka. Unakunywa maji yaliyopo wiki hii.

Mapepe na chenga

Maji tunayaona kwa macho, ndiyo maana tunayazungumza sana. Joto hatulioni.

Ua la mpunga hufunguka kwa muda mfupi tu, aghalabu kati ya asubuhi na mchana. Joto likipita nyuzi 35 katika saa hizo, chavua huharibika na punje haijazwi. Shamba kwa mbali linapendeza, masuke yamesimama, lakini ukiyashika ni mepesi. Hayo ndiyo mapepe. Mpunga uliojaa huinama. Wenye mapepe unakutazama usoni. Nimemwona mama akikamua suke kwa vidole na kupuliza, punje zikaruka kama unga. Alinyamaza, akaenda suke la pili.

Usiku nao una hesabu yake. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga iliyoko Ufilipino, IRRI, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mashamba yao ya majaribio: kwa kila nyuzijoto 1 iliyoongezeka kwenye joto la usiku katika msimu wa kiangazi, mavuno yalishuka kwa karibu asilimia 10. Mmea nao hupumua usiku, na usiku wenye joto huutumia upesi ule uliokuwa umeuhifadhi mchana kwa ajili ya punje. Hiyo ni Ufilipino, sisemi tuihamishe namba hiyo Kilombero bila kupima. Nasema mmea ni ule ule.

Halafu kuna mvua inayokuja wakati isiyotakiwa kabisa, mpunga ukiwa umeiva. Punje iliyokwisha kukauka ikilowa, ikakauka tena, hupasuka kwa ndani. Huoni kitu mpaka umeufikisha mashineni. Ukikobolewa unatoka chenga. Mchele ule ule, shamba lile lile, jasho lile lile, lakini mnunuzi anatia mkono kwenye gunia, anatazama kiganja, anashusha bei. Hakuna utabiri wala ruzuku inayomfidia mtu kwa chenga.

Mwaka wa maji

Nikiwa mwaka wa pili ukaja msimu wa 2023/24 na mvua zake zilizoambatana na El Niño. Wengi mnaukumbuka kwa picha za Rufiji na Kibiti. Aprili 2024 Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini, na kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeathirika. Maji ya Kilombero huenda Rufiji, kwa hiyo yale mliyoyaona kwenye taarifa ya habari yalipita kwetu kwanza.

Safari hiyo mama hakuniuliza tarehe ya kupanda. Alirudi kwenye desturi yake, ekari moja moja. Ekari tatu za chini zikalala chini ya maji mpaka zikaoza. Ile ya juu, karibu na njia, ilipona. Mdogo wangu wa darasa la sita alikaa naye shambani wiki kadhaa, wakiishi kwenye dungu na kuamia ndege, maana unapobaki na ekari moja huwezi kuwaachia kweleakwelea hata suke moja. Daftari lake la hesabu la muhula ule nimeliona. Lina kurasa nyingi nyeupe.

Mimi huku nilikuwa nasubiri bumu liingie, nalalamika kwenye foleni ya kafeteria kwamba sahani ya wali imekuwa ndogo. Sikuunganisha mambo hayo mawili hata kidogo. Na nadhani wengi tulikuwa hivyo mwanzoni mwa 2023 pia, kilo ya mchele ilipopita shilingi 3,000 sokoni. Tulihesabu sahani. Hatukuhesabu mashamba. Tena usidhani bei ikipanda mkulima anacheka. Mwenye deni la magunia manne hauzi mwezi bei inapopanda. Anauza siku ya kuvuna, mbele ya aliyemkopesha.

Si kila kitu ni tabianchi

Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu najua yupo atakayesema tunaisingizia hali ya hewa kwa makosa yetu wenyewe.

Ana hoja. Tukitoka kwetu tukaenda Usangu, Mbeya, kwenye mashamba makubwa ya mpunga, kuna kisa cha Mto Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mto ambao maji yake yanategemewa na bwawa la Mtera. Mjadala wake haukuanza na tabianchi. Ulianza na mifereji ya mpunga iliyoachwa ikitiririka hata baada ya mavuno, mifugo mingi, na kilimo kilichoingia kwenye ardhi oevu. Kwetu Kilombero pia tumekata miti kwenye miteremko, tumelima mpaka ukingoni mwa mito, na mito imejaa mchanga. Mto uliojaa mchanga hauhitaji mvua kubwa ili ufurike.

Zaidi ya hapo, mpunga wenyewe una dhambi yake. Shamba lililosimama maji kwa miezi hukosa hewa kwenye udongo, na vijidudu vinavyoishi humo hutoa methani, gesi inayoshika joto kwa nguvu kuliko kaboni dayoksaidi. Mashamba ya mpunga ya dunia hutoa takriban sehemu moja kati ya kumi ya methani yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Lakini tazama suluhisho linavyoletwa. Tunafundishwa kilimo shadidi, mfumo uliobuniwa Madagaska miaka ya 1980 na padri Mfaransa, Henri de Laulanié: miche michanga, mche mmoja mmoja, nafasi pana, na shamba kuloweshwa na kukaushwa kwa zamu. Unaokoa maji, unapunguza methani, na mavuno huongezeka. Kwenye skimu ya umwagiliaji kama Mkindo, pale Mvomero, wakulima wameufanya na umeonekana. Mimi naukubali. Ila mama yangu hana mfereji, hana banio, hana mlango wa kufunga na kufungua maji. Mlango wake uko mbinguni. Kumwambia aloweshe na kukausha kwa zamu ni kumwambia aiongoze mvua.

Na mbegu je? SARO 5 ni mbegu nzuri, haina ubishi. Inakomaa kwa miezi minne hivi, inazaa sana, na ina harufu kidogo. Supa huchukua muda mrefu zaidi. Kwa msimu uliopungua siku, jibu linaonekana rahisi: SARO 5 kila mahali. Lakini SARO 5 ina bua fupi. Kwenye shamba la juu au kwenye skimu ni mfalme. Kwenye bonde linalojaa maji ghafla Machi, kimo chake ndicho kinachoimaliza. Supa na ndugu zake wa zamani, Shingo ya Mwali, Mbawambili, Kalamata, Kisegese, wana mabua marefu yanayoweza kusubiri maji. Wazee hawakuwa na mbegu nyingi kwa sababu ya kupenda majina matamu. Walikuwa wanagawanya hatari. Mbegu hii ikikosa maji, ile itapata; hii ikizama, ile itasimama. Kama vile mama alivyokuwa akigawanya ekari zake kwa mvua ya kwanza, ya pili na ya tatu, kabla msomi hajapiga simu.

Hata ruzuku ya mbolea iliyorudishwa msimu wa 2022/23, ambayo imewasaidia wengi, haigusi jambo hili. Mbolea humfaa ambaye mpunga wake umeota. Aliyeunguliwa na jua la katikati anahitaji kitu kimoja tu, na anakihitaji ndani ya siku chache: mbegu nyingine, na hela ya kupiga haro upya. Siku hizo chache ndizo mfanyabiashara wa gunia kwa mawili anazozisubiri. Wala simlaumu sana, maana yeye ndiye pekee anayefungua mlango siku hiyo.

Tufanye nini sisi wa hapa

Sipendi makala zinazoishia na "serikali iangalie." Iangalie, sawa. Lakini sisi tuko hapa, tuna chama, tuna mikutano ambayo nusu yake inaisha kwa kugombania jezi. Napendekeza mambo matatu.

La kwanza ni la kalenda yetu. Mafunzo kwa vitendo, ile tunayoiita fildi, tunakwenda Julai hadi Septemba. Wakati huo bondeni mpunga umeshavunwa, shamba ni mabua na ng'ombe. Mwanafunzi wa kilimo anaweza kumaliza miaka yake yote, akavaa joho, bila kuona mkulima akiamua siku ya kumwaga mbegu. Tunajifunza mpunga kama mtu anayejifunza mpira kwa kutembelea uwanja baada ya mechi. Serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja kwa uongozi: hata wiki mbili tu za fildi zihamie Desemba au Januari kwa wanaosoma kilimo. Najua kuna mitihani, najua kuna malazi. Lakini kama mvua imebadilisha kalenda yake bila kutuuliza, ya kwetu haiwezi kuwa ndiyo isiyogusika.

La pili, tafiti zetu za mwaka wa mwisho zirudi zilikotoka. Kila mwaka tunashuka vijijini na madodoso, tunamkalisha mkulima saa nzima, tunamuuliza ana umri gani, ana ekari ngapi, anaionaje mvua. Tunaondoka. Ripoti inajalidiwa kwa Kiingereza, inakaa kabatini. Mama amehojiwa mara tatu na wanafunzi wa vyuo tofauti, na hajawahi kuambiwa walichokikuta. Kurasa mbili za Kiswahili, zikabandikwa ofisi ya kijiji, zingegharimu nini? Iwe sharti la kukusanya ripoti.

La tatu ndilo kubwa kwangu. Tuanzishe akiba ya mbegu ya pili. Tuanze na kijiji kimoja tu. Chama cha wanafunzi wa kilimo, kwa kushirikiana na chama cha ushirika cha kijiji hicho, kihifadhi magunia ya mbegu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini: mengine ya SARO 5 kwa mashamba ya juu, mengine ya mbegu ndefu za asili kwa bondeni. Miche ikiungua Desemba, mkulima anachukua gunia na kurudisha gunia, siyo mawili. Kila mwanafunzi anayetaka kwenda kijijini kufanya utafiti au kutoa elimu kwa wakulima achangie kwanza thamani ya kilo tano za mbegu. Ndiyo, nasema kwanza. Ukiwa na kilo tano zako kwenye lile ghala, utautazama utabiri kwa macho mengine.

Nasema hivyo kwa sababu ndicho kilichonitokea mimi. Utabiri wa msimu haukunidanganya mwaka ule. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa kanda nzima, kwa lugha ya uwezekano: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Kisha hutoa taarifa za siku kumi kadiri msimu unavyokwenda. Mimi niliusoma mara moja, nikaugeuza ratiba ya mtihani, siku fulani saa fulani, nikampa mama kama amri. Taarifa za siku kumi sikuzifuata tena, nilikuwa na majaribio. Mtu ambaye mbegu ni yake asingefanya hivyo. Angeuliza mara tatu.

Wapo watakaosema bima ya mazao ndiyo dawa. Inaweza kuwa, na ikija vizuri nitaishangilia. Lakini bima nyingi humfikia mtu baada ya hasara kupimwa na fomu kujazwa, na nafasi ya kupanda upya haisubiri fomu. Wapo pia watakaosema wanafunzi hatuna hela. Kweli hatuna. Lakini mashati ya kampeni za uchaguzi wetu wa mwaka jana mimi niliyaona, na bado mengine yanadekia mabweni.

Novemba hii mama alinipigia tena. Nilikuwa kwenye kimbweta na desa limefunguliwa. Baada ya salamu akauliza, kama vile hakuna lililowahi kutokea, "Haya, utabiri unasemaje?" Nikamsomea ulivyo, pamoja na yale maneno ya uwezekano ambayo mara ile niliyaruka. Nikamwambia sijui siku. Nikamwambia afanye kama alivyozoea, mvua ya kwanza ekari moja, na kwamba kila baada ya siku kumi nitampigia na taarifa mpya.

Kisha nikamtumia hela ya gunia moja la mbegu kutoka kwenye bumu langu, aliweke chini ya kitanda. Akacheka, akauliza la nini wakati mbegu anayo. Nikamwambia hilo ni la pili, na safari hii likiungua ni langu.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya kilimo.*